Filamu ya akina Joad ioneshwe Korogwe na Handeni

Kijana anayeendesha trekta analipwa dola tatu kwa siku, na leo ametumwa kubomoa nyumba ya jirani yao. Mwenye nyumba ameshika bunduki lakini hajui amlenge nani: dereva katumwa na kampuni, kampuni inabanwa na benki, na benki haina uso. Tukio hilo la The Grapes of Wrath, filamu ya John Ford ya mwaka 1940, limewauma watazamaji kwa zaidi ya miaka 80.

Riwaya ya John Steinbeck iliyozaa filamu hiyo ilitoka mwaka 1939, Marekani ikiwa bado inajikongoja kutoka kwenye mdororo mkuu wa uchumi. Familia ya Joad, iliyofukuzwa shambani Oklahoma, inapakia kila kitu kwenye gari bovu na kwenda California kwa sababu ya karatasi moja ya tangazo: wanatakiwa vibarua 800. Njiani wanaonywa kwamba maelfu ya watu wameshika karatasi ileile. Wakifika wanakuta ujira unazidi kushushwa.

Wenye mashamba wa California waliichukia hadithi hiyo, na Kaunti ya Kern ilikiondoa kitabu katika maktaba na shule zake. Lakini mtazamaji aliyeielewa filamu kuliko wengi alikuwa Woody Guthrie, mwanamuziki mzaliwa wa Oklahoma. Baada ya kuiona alitunga wimbo mrefu, "Tom Joad", unaosimulia kisa chote, ili uwafikie watu wa kwao wasio na fedha za kitabu wala za tiketi.

Watazamaji wa aina hiyo wapo mkoani Tanga. Mashamba ya mkonge ya Korogwe, kama Magunga na Ngombezi, yalikuzwa kwa jasho la manamba waliotoka Kigoma, Songea, Njombe, hata Rwanda na Burundi. Kila mmoja alikuwa na kipande, yaani kadi ya kuhesabia siku za kazi, na mshahara ulisubiri mpaka siku 30 za kazi zitimie humo. Bei ya mkonge ilipoporomoka mwanzoni mwa miaka ya 1930, ujira nao ulishuka; Handeni jirani, miaka hiyohiyo, ilikuwa na njaa. Mjukuu wa manamba hahitaji mtu wa kumfafanulia ile karatasi ya vibarua 800.

Handeni ya leo ina jambo bichi zaidi. Tangu Juni 2022 familia za Wamasai zimekuwa zikihamishwa kutoka Ngorongoro kwenda kijiji cha Msomera. Serikali inasema wamekwenda kwa hiari na kupewa nyumba na mashamba. Ripoti ya Human Rights Watch ya Julai 2024 inasema watu wamelazimishwa. Wapo pia wenyeji wa Msomera wanaolalamika kwamba ardhi yao imegawiwa wageni. Pande hizo zote zikiketi mbele ya skrini moja, ndipo patakuwa na mjadala wa filamu unaostahili kusikilizwa.

Na sinema si ngeni huku. Kati ya 1935 na 1937, Vugiri, juu ya milima karibu na Korogwe, palikuwa makao ya mradi wa filamu wa Waingereza uliogharimiwa kwa sehemu kubwa na shirika la Carnegie la Marekani. Ulitengeneza filamu zipatazo 35 na kuzizungusha kwa lori Afrika Mashariki na Kati, zikifundisha juu ya safura, kilimo na kuweka akiba posta. Maoni ya watazamaji yalikusanywa, lakini hasa ili wakubwa wajue kama somo limeingia. Hakuna aliyemkabidhi mkata mkonge kamera asimulie habari za kipande chake. Huo ulikuwa upungufu mkubwa, na hadi leo haujafidiwa ipasavyo.

Njia ipo, tena ni ya hapahapa nyumbani. Marehemu Derek Mukandala, aliyejulikana zaidi kwa jina la Lufufu, aliwazoesha Watanzania kutazama filamu za nje zikisimuliwa kwa Kiswahili, na mabanda ya video yanaendelea na kazi hiyo. Wasimuliaji hao wakiacha kidogo filamu za mapigano na kuwachukua akina Joad, watapata umati.

Bodi ya Filamu ishughulikie haki za kuionesha, halmashauri za Korogwe na Handeni zitoe viwanja, na filamu ikiisha kipaza sauti wapewe watazamaji, si mgeni rasmi.