Them Mushrooms: Zaidi ya wimbo wa watalii

WAPIGA gitaa wanaotumbuiza wikendi katika vilabu vya Kitengela na Kona Baridi, Kaunti ya Kajiado, wanajua kwamba mteja ndiye mwenye usemi. Akitaka rumba, wapige rumba. Akichoka, wageukie rege. Ni bendi chache nchini zilizoishi kwa kanuni hiyo kwa muda mrefu kama Them Mushrooms.

Ndugu wa familia ya Harrison, wakiwemo Teddy Kalanda, Billy Sarro na John Katana, waliiunda Mombasa mwaka wa 1972. Jina lenyewe lilibeba hewa ya zama hizo, vijana wa mijini walipokuwa wakiiga roki na soul kutoka ng'ambo. Lakini riziki ilikuwa katika hoteli za kitalii, na mgeni hakuvuka bahari kuja kusikiliza alichokiacha kwao. Bendi ikashika kalipso, rege na chakacha ya Pwani.

Huko ndiko kulikozaliwa Jambo Bwana, wimbo uliorekodiwa 1980 na kutolewa 1982. Ni maamkizi ya mwenyeji na mgeni yaliyotiwa muziki, basi. (Mswahili wa Mombasa hamwamkii mwenzake kwa "jambo" tupu; mhariri mkali angelifuta neno hilo, na wimbo ungekufa.) Mwaka wa 1983 kundi la Boney M kutoka Ujerumani lilitoa toleo lake. Tangu hapo wengi wameipima bendi nzima kwa wimbo huo mmoja.

Kipimo hicho si cha haki. Mwaka wa 1987 bendi ilihamia Nairobi, na huko, mbele ya hadhira ya Wakenya wenyewe, ilifanya kazi ambayo mwandishi huyu anaiona bora kuliko zote. Ilirekodi na Malika, malkia wa taarab. Katika Zilizopendwa ilizifufua nyimbo za wakongwe kwa masikio ya vijana ambao hawakuwa wamezaliwa zilipovuma. Baadaye ilijiita Uyoga, badiliko ambalo halikuongeza kitu.

Zaidi ya yote, ilimrejesha studioni Fundi Konde, aliyevuma kabla ya uhuru kisha akasahauliwa. Mzee huyo alifariki mwaka wa 2000. Sauti yake ya uzeeni ingali inasikika kwa sababu vijana wa hotelini walikubali kumpigia ala.