Daftari halizeeshi mtu

Jumapili iliyopita mchungaji mmoja alitutangazia kwamba mzee anayeandika kila kitu kwenye daftari anauua ubongo wake. "Bibi zetu hawakuandika chochote, na walikumbuka yote mpaka wanaingia kaburini!" Watu wakapiga makofi. Yeye akainamia tableti yake kutafuta alipoishia.

Nimechoka na wimbo huu. Vijana wanauimba, wazee wanauitikia, na sasa watu wazima wanaona haya kushika kalamu mbele ya wajukuu. Shangazi yangu alimeza dawa ya presha asubuhi, akasahau, akameza tena saa nne. Alipoinuka mkekani, akaanguka. Mbona hukuweka alama, shangazi? "Wangesema nimeanza kupotea." Leo ana kile kiboksi cha plastiki chenye vyumba saba, kinakaa ubavuni mwa chupa ya chai. Chumba cha Jumatano kikiwa kitupu, dawa ya Jumatano imeshamezwa, hakuna mjadala.

Kama kuandika kunaua ubongo, marubani wangekuwa mazuzu wa kwanza. Oktoba 1935 ndege ya majaribio ya Boeing ilianguka Marekani kwa sababu rubani bingwa alisahau kufungua komeo lililobana usukani. Dawa iliyopatikana ilikuwa karatasi: orodha inayosomwa kabla ya kuruka. Madaktari wa upasuaji nao wakafuata. Orodha ya WHO ilijaribiwa katika hospitali nane duniani, moja ikiwa ya hapa Ifakara, na matokeo ya mwaka 2009 yakaonyesha vifo vimeshuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Sijasikia mtu akimwambia daktari wa Ifakara kwamba akili imemchakaa. Na huyo mweka hazina wa kikoba chenu, hebu mwambieni atunze marejesho kichwani, muone kama hamtagombana.

Tena hao bibi zetu wasisingiziwe. Bibi yangu alifunga fundo kwenye pindo la kanga ili asisahau deni la mtu. Ufunguo ulikaa juu ya kizingiti, kibiriti nyuma ya mtungi, na ole wako ukihamishe. Mwanamke yule alikuwa na mpangilio kuliko ofisi nyingi za serikali ninazozijua, ambako faili lako hupotea ukiwa umesimama dirishani.

Wajuaji watasema ubongo usipokariri unalala. Haya, karirini tarakimu 20 za tokeni ya LUKU kila mwezi, tuone mtaerevuka kiasi gani. Tume ya jarida la Lancet ilitaja mwaka 2024 mambo 14 yanayochochea dimensia na yanayoweza kudhibitiwa: presha, kisukari, sigara, masikio yasiyosikia vizuri, upweke na mengine. Daftari halimo. Presha imo, na presha hutulizwa na kidonge kilichomezwa kwa wakati, yaani kile kile ambacho mzee anakikosa kwa kuogopa kuandika.

Na nikiwa bado na hasira, nyie wa maduka ya dawa: acheni kutupa bahasha iliyoandikwa "1x2" basi. Bahasha tatu, vidonge vyote vyeupe, jina hakuna hata moja, halafu mnamtaka bibi wa miaka 70 akumbuke kipi cha presha na kipi cha sukari!