*NENO LA KATIBU: SAA YA MTOTO KURUDI NYUMBANI*



Tangu usiku wa mnada uliopita simu yangu haijapumzika. Vijana watatu, mkubwa wao ana miaka 15, walishikwa kiwanja cha mpira saa tatu usiku. Waliowashika walisema ni "sheria ya watoto". Mzazi mmoja, mwanachama mwenzetu, akatoa shilingi 10,000 ili mwanawe aachiwe. Stakabadhi hakupewa. Mnauliza, sheria hiyo ipo?

Sheria ya Mtoto Na. 21 ya mwaka 2009 inasema mtoto ni aliye chini ya miaka 18. Haitaji saa ya mtoto kurudi nyumbani. Inachokataza ni haya:

1. Kumruhusu mtoto kuingia baa na disko za usiku.
2. Kumuuzia mtoto pombe au sigara.
3. Kumfanyisha mtoto kazi kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi.

Someni tena. Makatazo yote matatu yanamgusa mtu mzima: mwenye kilabu, muuza duka, na sisi tunaowatuma watoto kuuza karanga na mayai mnadani mpaka usiku. Tumewashika watoto, wakubwa tumewaacha.

Je, kijiji kinaweza kuweka saa? Kinaweza, kwa sheria ndogo. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Sura ya 287, inaipa Halmashauri ya Kijiji uwezo huo. Lakini ina njia yake: inaandikwa, inajadiliwa kwenye Mkutano Mkuu wa Kijiji, kisha inaidhinishwa na Halmashauri ya Wilaya. Tangazo la kipaza sauti halitoshi.

Sipingi kuweka saa. Mimi pia ni mzazi, na najua usiku wa mnada kuna ulevi na ugomvi. Ila nashauri wanachama tuingie Mkutano Mkuu ujao na hoja hizi:

▪️ Wasiguswe watoto wanaotafuta mifugo iliyopotea, wanaotoka ibadani au kujisomea, au waliotumwa kwa mgonjwa.
▪️ Mtoto akikutwa nje apelekwe kwa mzazi wake. Asipigwe, asilazwe mahabusu na watu wazima.
▪️ Adhabu ianze kwa anayewauzia pombe.
▪️ Faini yoyote iwe imeandikwa kwenye sheria ndogo na itolewe stakabadhi.

Hili la mwisho nalisema kama mtu wa hesabu. Pesa isiyo na stakabadhi haionekani kwenye mapato ya kijiji, na isiyoonekana huko imeingia mfukoni mwa mtu. Ukidaiwa, uliza mambo matatu: sheria ndogo ipi, jina lako nani, stakabadhi iko wapi. Usitukane, usipigane. Nenda kwa Mtendaji wa Kijiji asubuhi yake.

Mtoto akidhurika, piga 116, namba ya msaada kwa mtoto, ni bure. Polisi pia wana Dawati la Jinsia na Watoto.

Na tusijifiche nyuma ya sheria. Saa ya mtoto kurudi huanza kupangwa nyumbani, na baba anayeipanga akiwa kilabuni hasikilizwi.

Mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea ana haki ya kusema mkutanoni. Tufike.

*Katibu wa Tawi*
Haneti