Saini ya hakimu mdogo na kura ya nchi nzima



Uchaguzi unapokaribia, makanisa yetu ya Maniema huwaombea wagombea, huiombea CENI, huombea hata mashine za kura na barabara mbovu zinazokwenda Punia na Kabambare. Hakimu wa tribinali ya amani hatajwi. Nani atamkumbuka? Hana bendera wala fulana ya kampeni. Lakini uchaguzi wa 2018, ambao wengi wanadhani uliamuliwa kwenye sanduku la kura au kwenye Mahakama ya Katiba, ulikuwa umekwisha kupita mezani pa hakimu wa namna hiyo mwaka 2016.

Tukumbuke ilivyokuwa. Mwanzoni mwa Mei 2016, Moïse Katumbi, gavana wa zamani wa Katanga, alitangaza kwamba atagombea urais. Tarehe 22 Juni, tribinali ya amani ya Kamalondo, Lubumbashi, ikamhukumu kifungo cha miezi 36 akiwa nje ya nchi, katika kesi ya nyumba iliyodaiwa na raia mmoja wa Ugiriki. Kesi ya nyumba! Sisi wa Kindu tunazijua hizo. Hakuna ukoo usio na ndugu aliyevuka Lualaba mara kumi akifuata karatasi za kiwanja. Ndiyo maana kesi kama hiyo haishtui mtu, na ndiyo maana inafaa kwa anayetaka kumfunga mwenzake bila kelele.

Mwezi uliofuata, Chantal Ramazani Wazuri, hakimu aliyeongoza tribinali hiyo, aliwaandikia wakubwa wa nchi barua. Alisema alitia saini kwa kulazimishwa, akawataja waliomlazimisha, miongoni mwao mkuu wa idara ya usalama, ANR. Alilazimika kujificha, kisha akaondoka nchini. Hakimu mwingine ambaye jina lake liliguswa na kesi za Katumbi, Jacques Mbuyi, alipigwa risasi nyumbani kwake Lubumbashi Julai 2017. Maaskofu wa Kanisa Katoliki, waliopewa kazi ya kuichunguza habari hiyo baada ya mapatano ya 31 Desemba 2016, waliona kesi hizo ni maigizo. Haikusaidia. Agosti 2018 Katumbi alifika mpakani Kasumbalesa, akazuiwa kuingia, na tarehe 30 Desemba nchi ikapiga kura jina lake halimo. Aprili 2019 Mahakama ya Kasasyo ikaifuta hukumu ile ya nyumba. Uchaguzi ulikuwa umekwisha miezi minne.

Simtetei Katumbi. Alirudi, akagombea 2023, akawa wa pili, na kila mtu amempa au amemnyima kura yake. Ninayemfikiria ni hakimu.

Someni tena 1 Wafalme 21. Tumezoea kuhubiri juu ya Ahabu na Yezebeli, na juu ya Nabothi aliyekataa kuliacha shamba la baba zake. Lakini barua za Yezebeli hazikwenda kwa Nabothi. Zilikwenda kwa wazee na wakubwa wa mji wake, zikiwa na mhuri wa mfalme, nao wakafanya kama zilivyosema. Wakaita kikao, wakaweka mashahidi wawili, sheria ikafuatwa herufi kwa herufi, mtu akafa. Biblia haituambii kama kuna mzee hata mmoja aliyelala vibaya usiku ule. Kule Lubumbashi angalau mmoja alijibu barua ya mfalme kwa barua yake. Alichelewa, ndiyo; saini ilikuwa imekwisha kutiwa. Mimi siwezi kumrushia jiwe, maana sijawahi kukaa kwenye kiti kile nikipigiwa simu na watu wale.

Kwa karatasi, kiti chenyewe kina ulinzi. Katiba ya 18 Februari 2006 inasema hakimu yuko chini ya sheria tu, wala serikali haina ruhusa ya kumwamuru namna ya kukata kesi. Rais ndiye anayemteua, lakini kwa pendekezo la Baraza Kuu la Mahakimu. Kisha Januari 2011 Katiba ikarekebishwa. Wengi tunakumbuka jambo moja la siku zile, kuondolewa kwa duru ya pili ya uchaguzi wa rais. Jambo la pili lilipita kimyakimya: ofisi za waendesha mashtaka zilitolewa katika hesabu ya mamlaka huru ya sheria. Mkono mmoja ulirekebisha kura na korti pamoja, na sidhani ni bahati.

Vijana wananiuliza kwa nini tusiwachague mahakimu wetu kama wanavyofanya Marekani. Ni kweli, katika majimbo mengi ya kule hakimu wa korti ya kwanza anapigiwa kura na wananchi. Texas anagombea hata kwa jina la chama. Lakini kampeni inataka pesa, na mara nyingi wanaotoa ni mawakili watakaosimama mbele yake kesho. Hapa kwetu, ambako kura inafuata kabila na gunia la mchele, hakimu wa kuchaguliwa angekuwa na Yezebeli kumi badala ya mmoja. Nina mashaka makubwa.

Mwaka 2021 ECC yetu, bega kwa bega na Wakatoliki, ilikataa kukubaliana na madhehebu mengine juu ya mtu wa kuongoza CENI. Tulitoa matangazo, tulilaumiwa, tulisimama. Sijaona kanisa likitokwa jasho namna hiyo kwa ajili ya mahakimu, hata Mei 2020, wakati Raphaël Yanyi, aliyekuwa akiongoza kesi ya Vital Kamerhe huko Kinshasa, alipokufa kesi ikiendelea. Polisi walisema kwanza ni moyo. Mwezi uliofuata waziri wa sheria akatangaza kwamba uchunguzi wa maiti umeonyesha alipigwa kichwani. Tulisikitika Jumapili moja.

Kuna jambo lililo ndani ya uwezo wetu, wala halihitaji mfadhili. Kifungu cha 20 cha Katiba kinasema vikao vya korti viko wazi kwa watu wote, isipokuwa hakimu akiamua vingine kwa sababu ya utulivu au maadili. Katika kesi za jinai tribinali ya amani inakaa na mahakimu watatu, na yeyote kati yao anaweza kuwa mtu anayeimba kwaya nasi. Kila parokia inaweza kutuma waamini wawili au watatu, watu wazima, wasio na kesi wala chama, wakae nyuma kwenye benchi wakisikiliza: Kindu, Kasongo, na popote tribinali inapofanya kazi. Wasiseme neno. Waandike tarehe, kesi, na kama hukumu imesomwa mbele ya watu. Tuanze mwaka huu, wakati bado ni kesi za viwanja na mbuzi. Ikija ile nyingine, hakimu ainue macho aone nyuso anazozifahamu.