Bei za Hisa Zinapoanguka: Tununue au Tujiepushe?

Sifa njema zote anastahiki Mwenyezi Mungu, aliyetufungulia mlango wa biashara na kutufungia wa riba. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Familia nyingi za Kiislamu hapa Mwanza hujiwekea akiba kutokana na samaki, pamba na maduka. Tangu Soko la Hisa la Dar es Salaam lianze kufanya biashara Aprili 1998, baadhi yao wameiweka akiba hiyo katika hisa. Swali linalowasumbua ni hili: soko likitikisika na bei zikaporomoka, je, huo ni wakati wa kununua au wa kujiepusha?

Ziwa letu limekwisha kutupa somo. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulisimamisha ununuzi wa samaki wa Ziwa Victoria kufuatia taarifa za uvuvi wa sumu. Bei ya sangara ikaanguka mialoni, ilhali sangara wenyewe walikuwamo majini. Aliyetoweka ni mnunuzi, na zuio lilipoondolewa alirejea. Miaka ya baadaye shida ilikuja kwa sura nyingine: sangara walipungua kwa uvuvi haramu na uvuvi uliopita kiasi, viwanda vikakosa samaki wa kutosha. Safari hii mnunuzi alikuwapo. Samaki ndio waliokosekana.

Hisa nazo huanguka kwa njia hizo mbili. Hisa za Safaricom ya Kenya ziliuzwa kwa umma mwaka 2008 kwa shilingi 5 za Kenya. Msukosuko wa fedha wa dunia ulipopamba moto, bei ilishuka chini ya shilingi 3 mwanzoni mwa 2009, ingawa kampuni iliendelea kupata faida. Mwaka 2021 bei ilivuka shilingi 40, na mwaka 2023 ikashuka tena chini ya 15. Kwa upande wa pili, Precision Air, ambayo wasafiri wa Mwanza wanaifahamu vyema, iliuza hisa kwa shilingi 475 za Tanzania mwaka 2011. Miaka iliyofuata ikaelemewa na hasara na madeni.

Kwa hiyo tusianze kwa kuuliza bei imefika ngapi, bali tuulize: aliyekimbia ni mnunuzi, au walioisha ni samaki? Jibu limo katika hesabu za kila mwaka za kampuni, yaani faida, madeni na gawio lake, wala halimo katika mazungumzo ya barazani.

Pili, tuitazame fedha yenyewe. Mwaka 2008 Wakenya wengi walikopa benki ili wanunue hisa zile. Bei iliposhuka, deni na riba yake havikushuka, na aliyelazimika kuuza ili alipe aliuza kwa hasara. Huo ni mzigo wa dhambi na wa dunia kwa pamoja. Vilevile ada ya watoto ya Januari na matibabu ya wazazi si fedha ya kupeleka sokoni. Inunuliwe hisa kwa akiba ambayo familia, mume na mke wakishauriana, inaweza kukaa bila kuigusa kwa miaka. Tena kidogo kidogo, kwani hakuna ajuaye siku ambayo bei itafika chini kabisa. Elimu ya ghaibu ni ya Mwenyezi Mungu peke yake.

Tatu, urahisi wa bei hauhalalishi haramu. Katika soko hilo zimo kampuni za bia, za sigara na benki za riba. Kampuni ambayo biashara yake ina shaka, tuwaulize wanazuoni kabla ya kulipa, si baada ya gawio kuingia mfukoni.

Mtume (S.A.W.) alimfundisha Bedui amfunge ngamia wake kwanza, kisha ndipo amtegemee Mola wake. Mwenye kuchunguza kampuni, akaepuka deni la riba na akatenga mahitaji ya nyumba yake, amekwisha kumfunga ngamia. Asiyefanya hivyo anacheza kamari, hata akiiita biashara.

Mwenyezi Mungu aturuzuku kilicho halali na kilicho na baraka. Amin.