"Je, Wajua?" za wanamuziki: mnasambaza muujiza, mnaficha ugonjwa

SEHEMU YA 1: Ugomvi wangu

Mama zangu, dada zangu, na nyie akina baba mnaosoma kimyakimya bila kuacha hata komenti moja, leo sina upole. Nina ugomvi na kadi za "Je, wajua?".

Mnazijua. Picha ya mwanamuziki maarufu, maandishi ya njano, na kile kikatuni cha mshangao. Je, wajua Stevie Wonder alizaliwa kipofu, Mungu akamfidia kwa masikio? Je, wajua Bob Marley aliuawa na mpira wa miguu? Je, wajua msanii fulani alikufa kwa ukimwi? Zinapita kwenye grupu la ukoo, la kikoba, la wazazi wa shule, mwisho zinafika kwa mama mwenye kichanga mapajani. Hapo ndipo zinapoanza kuumiza.

Simkatazi mtu kupenda muziki. Mimi mwenyewe zamu ya usiku bila redio ndogo haiendi. Hoja yangu ni hii: nyingi ya hadithi hizo ni hadithi za ugonjwa. Kadi inatoa ugonjwa, inaweka muujiza. Kile ambacho kingemsaidia mtoto wako ndicho kinachokatwa. Nitawaonyesha moja baada ya nyingine.

SEHEMU YA 2: Stevie Wonder hakuzaliwa kipofu

Alizaliwa tarehe 13 Mei 1950, Saginaw, jimbo la Michigan, Marekani. Alikuja wiki 6 kabla ya wakati. Yaani alikuwa njiti, kama njiti wengine tunaowalea wodini kila siku. Akawekwa kwenye mashine ya joto akapewa oksijeni. Mishipa ya damu ya nyuma ya jicho la njiti huwa haijakomaa, na oksijeni ikizidi hukua ovyo, ikavuta ile ngozi laini ya ndani inayopokea picha mpaka ikabanduka. Ndivyo alivyopoteza macho.

Madaktari wa mwaka ule hawakuwa na habari. Walidhani oksijeni nyingi ni wema mwingi. Mwaka 1954 utafiti wa hospitali nyingi za Marekani ndio uliothibitisha kwamba wema ule ulikuwa unapofusha watoto.

Sasa niambieni, kadi inayosema "alizaliwa hivyo" inamfundisha nini mama aliyejifungua njiti? Inamfundisha kukaa. Hadithi ya kweli inamfundisha kuuliza: "Sista, macho ya mwanangu yatapimwa lini?" Kipimo hiki kwa kawaida hufanywa karibu wiki ya 4 baada ya kuzaliwa, na daktari wa macho anayechungulia nyuma kabisa ya jicho. Kwa nje jicho linaweza kuonekana zuri tu, jeusi, linang'aa, huku ndani mishipa inaharibika. Ugonjwa ukionekana mapema unatibika, kwa mfano kwa mwanga wa leza. Ukichelewa, hakuna dawa ya kurudisha.

Kwa hiyo umeruhusiwa na njiti wako, umeandikiwa tarehe ya kliniki ya macho? Nenda. Usiseme "mbona ananiangalia vizuri". Na kama hospitali uliyojifungulia haina huduma hiyo, uliza unapelekwa wapi, tena uliza kabla hujafunga mzigo.

SEHEMU YA 3: Kipaji hakitoki kwenye upofu

Hapa nitawakera wengi. Kuna msemo tunaupenda mno: Mungu akikunyima macho, anakupa kipaji. Mfano wake wa kudumu ni Ray Charles.

Haya, tumwangalie Ray Charles. Alizaliwa Georgia mwaka 1930, akakulia Greenville, Florida, kwenye umaskini wa kutupwa. Alipokuwa mdogo sana, karibu miaka 3, jirani mmoja mwenye mkahawa, Wylie Pitman, alikuwa akimkalisha kwenye piano na kumwonyesha vidole. Wakati huo Ray alikuwa ANAONA. Macho yalianza kufifia baadaye, na alipofika miaka 7 yalikuwa yamezima kabisa. Sababu inayotajwa zaidi ni presha ya macho.

Mmeona? Piano ilitangulia upofu. Kilichomtengeneza ni jirani aliyekuwa na subira, shule ya wasioona ya St. Augustine iliyomfundisha kusoma muziki kwa vidole, na mama yake. Yule mama hakumfungia ndani. Alimtuma kuni, alimtuma maji, alimfundisha kufua na kujipikia, majirani wakimwona katili. Alijua hatakuwepo milele, na kweli alifariki Ray akiwa bado kijana mdogo.

Mwenye kumpa Ray sifa apewe, na mama yake apewe. Upofu haustahili sifa yoyote. Ulimnyang'anya tu.

Kwa nini nakasirika? Kwa sababu msemo huu una makosa mawili kwa mpigo. Kwa mtoto ambaye jicho lake bado linaokoleka, unamchelewesha. Kwa mtoto ambaye tayari haoni, unamdai kipaji. Asipoimba je? Asipojua kinanda? Basi hana thamani? Mtoto asiyeona ana haki ya shule na fimbo yake nyeupe na kutumwa dukani kama wenzake, hata kama sauti yake ni ya chura.

Tena, presha ya macho huwapata mpaka vichanga. Mtoto ana macho makubwa kupita kawaida, wageni wanamsifia "jamani macho mazuri!", kumbe jicho linatanuka kwa presha. Angalia: mboni ina ukungu, machozi hayaishi, anakimbia mwanga. Na ukimpiga picha kwa flashi, mboni moja ikatoka nyeupe kama jicho la paka, usiisambaze hiyo picha ukicheka. Inaweza kuwa mtoto wa jicho, inaweza kuwa saratani ya jicho. Hospitali wiki hiyo hiyo. Na tafadhali, maziwa ya titi ni chakula. Usiyakamulie kwenye jicho.

SEHEMU YA 4: Miguu ya Kinshasa

Kadi nyingine: Je, wajua kuna bendi ya walemavu watupu Kongo iliyotikisa Ulaya?

Inaitwa Staff Benda Bilili, ya Kinshasa. Wengi wao walipooza kwa polio utotoni. Walifanya mazoezi maeneo ya bustani ya wanyama ya jiji, wakitembelea baiskeli za miguu mitatu walizojitengenezea. Kijana wao Roger Landu alipiga satonge, ala yenye waya mmoja iliyofungwa kwenye kopo. Albamu yao ya Très Très Fort ilitoka mwaka 2009, na mwaka uliofuata filamu juu yao ikaonyeshwa Cannes. Muziki wao ni mtamu na ni wa watu wazima waliojua kazi yao. Jina lenyewe linakuambia utazame ng'ambo ya umbo.

Basi tutazame ng'ambo. Kadi inaishia "polio haikuwazuia". Ni kweli. Ila hakuna hata mmoja aliyehitaji kuugua ili awe mwanamuziki.

Linganisha na wenzao. Joni Mitchell wa Kanada aliugua polio akiwa na miaka 9. Mkono wake wa kushoto ukabaki dhaifu, ndiyo maana akaanza kufunga nyuzi za gitaa kwa namna zake mwenyewe. Neil Young, pia wa Kanada, aliugua mwaka 1951 akiwa na miaka 5. Ian Dury wa Uingereza aliugua mwaka 1949 akiwa na miaka 7. Wote watatu waliugua kabla ya mwaka 1955, mwaka ambao ilitangazwa kwamba chanjo ya kwanza ya polio inafanya kazi. Mama zao wangefanya nini? Hakukuwa na kitu. Ian Dury alipokuwa mtu mzima na maarufu, alisafiri na UNICEF mpaka Zambia kuhimiza chanjo ya polio. Yeye aliijua hadithi yake inaelekea wapi.

Wewe mama wa leo chanjo unayo, tena bure. Matone huanza mtoto anapozaliwa, kisha wiki ya 6, ya 10 na ya 14, na ipo na sindano. Mnasema polio imeisha? Polio ya asili ilitangazwa kutoweka Afrika Agosti 2020. Februari 2022 ikathibitishwa Malawi, jirani zetu hapo, ndiyo maana mkaona watu wa chanjo wanapita nyumba kwa nyumba. Mei 2023 mtoto wa Rukwa, Tanzania hii hii, akakutwa na polio ya ile aina inayozuka pale ambapo watoto wengi hawajachanjwa vya kutosha. Rukwa siyo sayari nyingine.

Unayesambaza kadi ya Staff Benda Bilili asubuhi na jioni unamfungia mlango mtoa chanjo, hebu kaa ujitafakari.

SEHEMU YA 5: Kidole cha Bob Marley

Hakuuawa na mpira, wala hakuna ushahidi wa zile hadithi za buti lenye sumu. Mwaka 1977 aligundulika na saratani ya ngozi chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu. Ndiyo, aliumia akicheza mpira, na kidonda ndicho kilichofanya watu waangalie kidole. Madaktari walishauri kidole kikatwe. Hakikukatwa, kiliondolewa sehemu tu. Saratani ikasambaa, na tarehe 11 Mei 1981 akafariki Miami akiwa na miaka 36, akiacha watoto wengi wanaomhitaji.

Watu wanaposikia saratani ya ngozi wanafikiria wazungu na jua. Sisi weusi aina hii tukiipata hupenda kujificha mahali jua halifiki: nyayo, viganja, chini ya kucha. Kadi ya mpira inamficha mama jambo ambalo lingemchukua nusu dakika kulikagua wakati anamwosha mume wake miguu au anamkata kucha bibi.

Msikimbie kwa hofu. Michirizi ya kahawia kwenye kucha kadhaa ni kawaida kwetu na mara nyingi haina neno. Wasiwasi ni mstari mpya kwenye ukucha mmoja, unaozidi kupanuka, weusi unaomwagikia ngozi ya pembeni, au doa jeusi kwenye unyayo linalokua au kidonda kisichopona. Hilo nenda nalo kwa daktari. Mganga wa kulichanja kwa wembe simtaki kumsikia.

SEHEMU YA 6: "Alikufa kwa ukimwi"

Hii ndiyo inayonichefua zaidi, kwa sababu inaandikwa kama umbea.

Philly Lutaaya wa Uganda alikuwa anaishi Sweden, mwanamuziki mwenye jina. Mwaka 1989 alirudi nyumbani akatamka hadharani kwamba ana virusi, wakati neno lenyewe watu walikuwa wanalinong'ona. Nguvu zilizobaki akazitumia kuzunguka mashuleni na makanisani akizungumza na vijana. Alifariki Desemba mwaka huo huo. Alipofariki Fela Kuti mwaka 1997, kaka yake, Profesa Olikoye Ransome-Kuti, daktari wa watoto aliyewahi kuwa waziri wa afya wa Nigeria, alisimama mbele ya waandishi akataja ugonjwa kwa jina. Na hapa kwetu Remmy Ongala aliimba kuhusu kondomu watu wazima wakatazama chini, na Radio Tanzania haikuupiga wimbo ule.

Watu hawa walilipa gharama ili neno litamkike. Sisi tumelirudisha kwenye umbea. Dada mjamzito anayeona jinsi mnavyomcheka marehemu kwenye grupu, unadhani kesho atakubali kupima kwa moyo mweupe? Ataogopa kadi yake isionekane. Na hapo mwenye kuponzwa ni aliye tumboni. Bila matibabu, kati ya watoto 100 wa mama wenye virusi, 15 hadi 45 huambukizwa. Mama akimeza dawa zake vizuri na kuhudhuria kliniki, wanashuka chini ya 5. Kinachosimama katikati ya hizo namba mbili, mara nyingi, ni aibu. Na aibu tunaitengeneza wenyewe kwa vidole vyetu.

SEHEMU YA 7: Mtaniambia nini

Mtasema, "Sista, ni burudani tu." Sawa. Lakini maneno yakirudiwa sana yanakuwa ushauri. Kliniki sisikii mtu akinukuu kitabu. Nasikia, "si hata Stevie Wonder alizaliwa hivyo".

Mtasema, "Unapinga mpango wa Mungu." Sipingi. Nauliza tu kwa nini mpango wa Mungu mnauona kwenye upofu, hamuuoni kwenye chanjo na kwenye mikono ya daktari wa macho.

Mtasema, "Hadithi hizi zinawatia moyo walemavu." Basi wapeni moyo kamili. Mwambieni habari ya mama yake Ray na kuni zake. Muujiza hauigiki. Malezi yanaigika.

Kwa hiyo kadi ikifika, kabla ya kusambaza jiulize maswali matatu. Aliugua nini hasa? Nani alimfundisha hicho anachosifiwa? Leo ugonjwa huo unakingwa au kutibiwa wapi? Kadi ikishindwa kujibu, ijibu wewe, kisha isambaze na majibu yako chini yake. Hapo umefanya kazi kuliko mabango yetu yanayopauka ukutani.

Mwenye njiti aliyeruhusiwa na hajui tarehe ya kupimwa macho, asisubiri niwe hewani. Kesho asubuhi arudi alikojifungulia na kadi yake aulize. Wengine maswali yawekeni hapo chini, nitayajibu nikitoka zamu. Wimbo gani ulikuwa bora zaidi, bishaneni wenyewe.