Hita Inazimika, Mlango Unavuja
Jamaa yangu anayeunda viti kwenye gereji ya nyumbani kwake Minnesota alinipigia simu Januari: hita ya gesi inawaka, ila akiachia kitufe tu, inazimika. Mtungi umejaa. Mara nyingi mkosaji ni kile kijiti cha chuma kinacholambwa na moto mdogo. Kikishika masizi, vali hufunga gesi kana kwamba moto umezimika. Alikisugua kwa msasa laini, ikawaka. Baridi haikutoka, maana chini ya mlango wa gereji hata paka angepita! Basi mpira ukingoni kwanza, kisha sufu ya glasi darini. Lakini usizibe kila tundu: moto wa gesi hula hewa, na ikipungua hutoa kaboni monoksidi, sumu isiyo na harufu. Nunua king'ora chake kabla ya mbao nyingine.